Wakishika Fedha Zako, Dai Jaji

Ndugu mnaoishi Marekani, hili mlijue kabla halijawakuta. Askari anaweza kushika fedha au gari lako kwa kushuku tu kwamba lina uhusiano na uhalifu, na hata nyumba yako inaweza kufunguliwa kesi, na wewe mwenyewe usishtakiwe kosa lolote. Kesi hufunguliwa dhidi ya mali, ili serikali iitaifishe.

Mimi nilishikwa na fedha taslimu uwanja wa ndege, fedha halali za kununulia gari. Baadaye ikaja barua yenye njia mbili, na hapo ndipo wengi hupoteza haki yao. Njia ya kwanza ni kuomba usamehewe urudishiwe. Inaonekana rahisi, lakini ombi hilo huamuliwa na serikali yenyewe, jaji halioni. Ya pili ni kuwasilisha dai kwa kiapo kwamba mali ni yako. Chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, kwa kesi nyingi, ukidai hivyo serikali ina siku 90 iende mahakamani au ikurudishie, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Mimi nilidai, nikaambatisha taarifa za benki na makubaliano na muuzaji. Fedha zilirudi.

Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua. Ikipita, mali imekwenda bila jaji yeyote kusikiliza. Na ukiwekewa karatasi inayosema fedha si zako, usitie saini hata kama unaahidiwa kuachiwa uende zako. Dai stakabadhi.

Wakili wa bure usimtegemee, isipokuwa huna uwezo na nyumba unayoishi ndiyo inayotaifishwa. Ukishinda mahakamani, serikali inaweza kuamriwa ikulipie gharama za wakili, kwa hiyo mtafute mapema.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba polisi wa jimbo wakishirikiana na serikali ya shirikisho wanaweza kugawiwa hadi asilimia 80 ya kilichotaifishwa. Anayenufaika na mali yako hawezi kuwa mwamuzi wa haki yako. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs, mtu wa Indiana aliyeshikiwa gari lake, Mahakama ya Juu ilisema katazo la Katiba la faini za kupindukia linayabana majimbo pia. Lakini mwaka 2024 ikakataa kuwapa wenye magari yaliyoshikwa haki ya kusikilizwa mapema, kabla ya kesi yenyewe. Kwa hiyo tegemeo kubwa ni mabunge ya majimbo. New Mexico ilibadilisha sheria yake mwaka 2015: kwanza mtu atiwe hatiani, na fedha ziende mfuko mkuu wa jimbo, si kwa polisi. Mwulize mjumbe wa jimbo lako kwa nini kwenu isiwe hivyo.