Swali la Lugha: Samaki Wachafu au Samaki Wenye Zebaki?

SWALI: Ninaandaa taarifa ya kijiji kuhusu samaki wa mto unaopita karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Je, niandike "madini mazito" au "metali nzito"? Na je, ni sahihi kusema "samaki wachafu" na "tope chafu"?

JIBU: Andika "metali nzito". Madini ni neno pana linalobeba hata chumvi na vito, ilhali zebaki, risasi na kadimiamu ni metali; tena metali hufuata upatanisho wa I-/ZI-, hivyo ni "metali nzito hizi".

Swali lako la pili lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu linagusa afya za watu. Neno "mchafu" humfanya msomaji afikirie kitu kinachotakata kikioshwa. Mama atakayesoma kwamba samaki ni wachafu atawaosha vizuri, atawatia chumvi na ndimu, atawakaanga hadi wakauke, kisha atawapakulia wanawe akiamini kwamba amekwisha kuwasalimisha, kumbe zebaki imo ndani ya mnofu wenyewe na haiondolewi kwa maji wala kwa moto wa jikoni. Itaje metali yenyewe: "samaki wenye zebaki".

"Tope" si kosa, lakini "mashapo" linafaa zaidi, maana linajumuisha mchanga, udongo laini na masalia yote yanayotuama chini ya maji. Humo ndimo bakteria wanaoishi pasipo oksijeni huigeuza zebaki iliyotoka kwenye uchenjuaji wa dhahabu (yaani kuitenga dhahabu na mawe au mchanga) kuwa zebaki ya methili, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo hupita kwa viumbe wadogo wa majini, ikaingia kwa samaki wanaowala, na hatimaye kwa samaki wala samaki, huku kiwango chake kikiongezeka katika kila hatua. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa ni "hulimbikizana", wala si "huingia" pekee. Usitegemee pia "maji machafu", kwani maji yanaweza kuwa maangavu ilhali mashapo na samaki wana sumu. Huko Niigata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uliobainika mwaka 1965 uliwapata watu waliokula samaki wa mto Agano, ambao zebaki yake ilitoka katika kiwanda kilichokuwa upande wa juu wa mto.

Jihadhari vilevile na "uchafuzi wa metali nzito". Tukisema "uchafuzi wa mto", mto ndio unaochafuliwa. Kwa mfano huohuo, msomaji anaweza kudhani kwamba metali ndizo zilizochafuliwa. Andika "uchafuzi wa mto kwa metali nzito", au "uchafuzi unaotokana na metali nzito". Risasi nayo ina maana mbili, na katika taarifa itakayosomwa mkutanoni ni salama zaidi kuandika "metali ya risasi" inapotajwa kwa mara ya kwanza.