Miezi 4 tangu nijifungue, siku hazijarudi: jibu langu kwa mleta uzi

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama unaweza kushika mimba na siku bado hazijarudi, kama vijiti vya uzazi wa mpango, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vitakuharibia kizazi, na utamwambia nini mumeo anayetaka mwingine upesi. Mimi niko Newala, nina watoto watatu, na njia kadhaa za uzazi wa mpango nimezitumia mwenyewe. Nitajibu kwa urefu, mnisamehe.

La kwanza: ndiyo, unaweza. Yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo wapo wanaoshika mimba bila kuona hedhi hata mara moja tangu wajifungue. Kunyonyesha kunakinga, ila kwa masharti matatu yanayotimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, siku hazijarudi, na hapewi chochote ila titi, mchana na usiku. Hilo la mwisho huku kwetu ndilo linalovuja. Uko shambani unaokota korosho, mtoto kaachwa kwa bibi yake, analia, bibi anamkorogea uji mwepesi. Amefanya kwa mapenzi, lakini huwezi tena kutegemea titi kukukinga. Nenda kliniki ya mama na mtoto wiki hii, usingoje miezi 6 ifike.

Vijiti nilivitumia baada ya wa pili. Havipunguzi maziwa na havigusi kizazi. Kinachovurugika ni hedhi: mara matone wiki nzima, mara miezi inapita kimya. Inakera, sitakudanganya. Lakini vikitolewa uwezo wa kushika mimba unarudi mapema. Inayochelewesha ni sindano ya miezi 3. Wengi huchukua karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho ndipo washike mimba, na wengine zaidi ya hapo. Nina hakika nusu ya hadithi za "nimeharibiwa kizazi" tunazosikia kisimani ni za watu waliokuwa bado ndani ya kipindi hicho. Kwa hiyo ukitaka mtoto mwingine baada ya miaka miwili mitatu, mimi ningekwenda kwenye kijiti. Implanon ni kimoja, miaka 3. Jadelle ni viwili, miaka 5. Na vyote hutolewa wakati wowote ukitaka. Lupu ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi, haina homoni na hukaa miaka 10 au zaidi, ila hedhi yaweza kuwa nzito, na kama damu yako ni kidogo mwambie muuguzi kabla. Mwambie pia kama unameza dawa za kifua kikuu, kifafa au ARV, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya vijiti. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa. Nafasi kati ya mimba na mimba ni ya kurudisha damu. Wangu wa kwanza na wa pili walifuatana, na kwenye mimba ya pili kipimo cha wingi wa damu kilisoma 8 wakati mjamzito anatakiwa asipungue 11. Nilikuwa nikipanda kilima na ndoo naona nyota. Kwa wa tatu nilijiandaa, na sikununua kitu cha ajabu: kisamvu, mlonge, kunde, dagaa. Chuma cha kwenye mboga huingia vizuri ukila na tunda lenye vitamini C, na sisi msimu wa korosho tunayaacha mabibo yaoze chini ya miti ilhali yanayo nyingi kuliko machungwa! Chai ya rangi iache hadi saa moja hivi ipite baada ya chakula, inazuia chuma. Chandarua kila usiku, dawa ya minyoo ukiandikiwa, kwa sababu malaria na minyoo ndivyo vinavyokula damu tunayoihangaikia. Ukikaribia kutoa kijiti, anza vidonge vya foliki asidi kabla hujashika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wetu tukiwa hatujajua hata kama tuna mimba.

Kuhusu mumeo: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na kama ulijifungua kwa upasuaji, kovu nalo linahitaji muda huo. Ukimwambia wewe ataona unamkwepa. Nenda naye kliniki. Wangu alikuwa mbishi mpaka muuguzi alipomwonyesha ile 8 kwenye kadi. Tangu hapo akawa ananikumbusha yeye tarehe. Mama mkwe akiingilia, mkumbushe kubemendwa, yaani ile imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika wazazi wakikutana au mama akishika mimba, atakuelewa haraka. Kitendo cha ndoa chenyewe hakimdhuru mtoto, lakini mimba ya mapema humwachisha wengi titi kabla ya wakati, na hapo mtoto kweli anadhoofika. Wazee waliona kitu.

Siku ya kuwekewa kijiti uliza pia nani atakitoa. Zahanati nyingine anayejua kutoa hayupo kila siku, itabidi uende kituo cha afya au hospitali. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kadi, na wewe iandike kwenye simu.