Muulize Fundi: Oili ya Pipa au Oili ya Bei Kali?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua gari jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Injini ni lita 1.5 ya petroli, ina turbo. Kitabu cha gari kinataka oili ya uzito wa 0W-20, yenye daraja la API SP, ibadilishwe kila kilomita 10,000 au miezi 12, kipi kianze. Walioniuzia wamenipa servisi tatu za mwanzo bure kwenye karakana yao. Shemeji yangu, ambaye magari anayajua, anasema kule wanatia oili ya pipa, nisithubutu. Ameniambia ninunue 5W-40 ya magari ya mashindano, daraja la juu, nimwage mwenyewe nyumbani. Kazini kwangu ni kilomita 4 tu, barabara ya vumbi. Nimsikilize nani?
Msomaji, mwenye gari jipya

JIBU: Marahaba. Hongera kwa gari, na hiyo nailoni itoe, viti havitaoza.

Mpelekee shemeji salamu zangu, umwambie pipa si tusi. Kabla ya kufungua gereji yangu nilifanya kazi kwenye karakana ya wakala, na oili yetu ilikuwa inatoka kwenye pipa la lita 200 na ushei, kupitia mpira wenye mita. Karakana inayopokea magari kuanzia asubuhi mpaka jioni haiwezi kukaa inafungua galoni moja moja. Oili haiharibiki kwa kuwekwa kwenye chombo kikubwa.

Cha kuuliza ni kilichomo ndani ya pipa. Karakana nyingine zina pipa moja la 5W-30 na kila gari linaloingia linanyweshwa hiyo, liwe linataka nyepesi au nzito. Hilo ndilo la kukutia wasiwasi. Kwa hiyo kabla hujakabidhi ufunguo, mwambie anayekupokea aandike kwenye kadi ya kazi: 0W-20, API SP, na lita ngapi. Usikubali aandike “oili” halafu basi. Akisita, omba uione lebo ya pipa lenyewe. Wenye kazi safi huwa wanakuonyesha bila kununa.

Sasa hiyo ya daraja la juu. Maneno makubwa ya mbele ya galoni ni ya muuzaji. Wewe ligeuze, utafute alama ya duara ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Juu ya duara kumeandikwa daraja, mfano SP, na katikati kuna uzito, mfano 0W-20. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya mwisho inaeleza uzito wake ikifika nyuzi joto 100. Galoni ya bei ya kawaida yenye alama hiyo na namba zako imetimiza kiwango. Galoni ya dhahabu isiyo nayo, muuzaji akuonyeshe penginepo ilipothibitishwa kiwango, au abaki nayo. Kama kitabu kingetaja namba ya mtengenezaji mwenyewe, kama VW 504 00 ya Volkswagen au dexos1 ya General Motors, basi namba hiyo nayo lazima ionekane kwenye galoni.

Hata neno “sintetiki” lisikulevye. Mwaka 1999 huko Marekani, Mobil waliishtaki Castrol mbele ya chombo kinachosuluhisha migogoro ya matangazo, wakidai mafuta ghafi yaliyochakatwa kwa kina yasiitwe sintetiki. Mobil wakashindwa. Tangu hapo galoni mbili zinaweza kuandikwa neno hilo na zikawa na mafuta ya msingi yaliyo tofauti kabisa. Zote zinaweza kuwa nzuri, ila neno hilo peke yake halikuambii nzuri ni ipi.

Kwa injini yako kuna sababu maalumu ya kushikilia herufi SP. Injini ndogo za turbo, hasa zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina ugonjwa wake: ukikanyaga mafuta kwa nguvu mzunguko wa injini ukiwa mdogo, mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kulipuka kabla ya plagi kutoa cheche. Mlipuko wa namna hiyo unaweza kupasua pistoni. Ikaja kubainika kwamba oili yenyewe inachangia, hasa kalsiamu iliyomo kwenye viungo vya kusafishia, kwa hiyo watengenezaji wakapunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu. Daraja la SP, lililoanza kutumika 2020, lina jaribio la kupima jambo hilo. Galoni ya zamani ya SN iliyosahaulika rafuni, hata iwe ya jina kubwa, daraja lake halikudai jaribio hilo.

Na ile ya mashindano, mwachie shemeji. Oili nyingi za namna hiyo zimetengenezwa zifanye kazi kwa muda mfupi kwenye joto kali kisha zimwagwe. Mara nyingi viungo vya kusafisha ni vichache, na fosforasi ni nyingi, wakati fosforasi huchosha kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kwa uzito wako wa 0W-20, API SP hairuhusu fosforasi izidi asilimia 0.08. Juu ya hayo, 5W-40 ni nzito kuliko ulivyoagizwa: gari litakula petroli zaidi, na injini ikigoma umempa mwenye dhamana sababu ya kukukatalia.

Kuhusu dhamana, Marekani ina sheria ya tangu 1975 inayomkataza mtengenezaji kufunga dhamana kwenye chapa yake ya oili au huduma yake, isipokuwa akitoa vitu hivyo bure. Kwako, soma kijitabu cha dhamana, kurasa zile ambazo hakuna anayezisoma. Popote ulipo, mgogoro ukitokea utaulizwa karatasi: tarehe, kilomita, aina ya oili, namba ya filta.

Uamuzi wangu basi. Zile servisi tatu za bure nenda nazo zote, na oili iwe yao. Wapo wanaokubali mteja aje na galoni yake, lakini mimi sikushauri. Siku injini ikigonga, wao watasema oili ilikuwa yako, wewe utasema kazi ilikuwa yao, na gari litabaki limeegeshwa.

Hela ya galoni ya bei kali ifanyie jambo la maana zaidi: mwaga oili katikati. Kilomita 4 hazitoshi injini kupata joto sawasawa, kwa hiyo unyevu na petroli vinabaki ndani ya oili badala ya kugeuka mvuke, na vumbi linaongezea lake. Tafuta kwenye kitabu jedwali la matumizi magumu. Mara nyingi linakata muda kwa nusu, yaani kilomita 5,000 kwa gari lako. Hiyo ya katikati ndiyo unayoweza kufanya nyumbani na shemeji, kwa 0W-20 SP ya chapa yoyote mnayoipenda.

Mkifanya, angalieni filta. Ukifungua ya zamani, pitisha kidole pale inapokaa. Mpira wake mara nyingine hubaki umegandia kwenye injini, nyeusi juu ya nyeusi, huuoni. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili haikai, na oili yote inaweza kumwagika njiani. Nati ya kumwagia iwekee washa mpya na ikazwe kwa kipimo cha kitabu, maana tako la injini, lile bakuli la oili chini yake, ni la aluminiamu mara nyingi, na ukikaza kwa hasira nyuzi zinakatika. Mkimaliza, washeni injini kidogo, zimeni, msubiri dakika chache gari likiwa pasipo na mteremko, ndipo mpime kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Iwe kati ya alama mbili. Ikizidi, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu.

SWALI: Oili ya gari langu jipya imekuwa nyeusi ndani ya kilomita 3,000. Wameniibia?

JIBU: Rangi si ushahidi. Kazi ya oili ni kubeba masizi, na injini zinazopulizia petroli ndani ya silinda zina masizi mengi. Ingebaki na rangi ya asali ndiyo ningeshangaa.

SWALI: Fundi, kila nikipima, oili imepanda badala ya kushuka. Sijaongeza hata tone.

JIBU: Ivute dipstiki uinuse. Ikinuka petroli, mafuta yanashuka kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli haina nguvu ya kulinda beringi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Kwa vyovyote usiimwage mwenyewe ili kuficha. Piga picha ya dipstiki na ya kilomita kwenye dashibodi, mpigie aliyekuuzia, umwombe aandike malalamiko yako kwenye faili la gari siku hiyohiyo, dhamana ikiwa bado hai.