Risasi tatu hazitoshi kuijua bunduki

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Manyoni, nina bunduki ya kuwindia, ya kipimo cha .30-06, ninayoimiliki kwa leseni. Kwenye uwanja binafsi wa shabaha nje ya Dodoma nilijaribu aina mbili za risasi za dukani, mita 100, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Aina ya kwanza ilipiga tatu ndani ya sentimita 3, ya pili ndani ya sentimita 5, nikaichagua ya kwanza. Niliporudi siku nyingine nililaza mtutu juu ya boneti ya gari. Zikatawanyika sentimita 6 na zote zikapanda juu. Jamaa yangu aliyeko Afrika Kusini hujaza risasi zake mwenyewe, anasema hiyo ndiyo dawa. Ni kweli? Au ni mwinuko wa huku, maana shabaha ya bunduki ilirekebishwa Dar es Salaam?

Jibu: Marahaba. Kwanza kuhusu kujaza risasi. Afrika Kusini na Marekani ni jambo la kawaida: mtu huchukua ganda lililokwisha kupigwa, hulibadilishia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), hupima baruti kwenye mizani nyeti sana, kisha hukaza kichwa kipya. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza risasi bila kibali, na leseni yako ya kumiliki bunduki si kibali hicho. Usianze. Na hata ungekuwa nacho, tatizo lako halipo kwenye baruti.

Lipo kwenye boneti. Bunduki ikilazwa juu ya kitu kigumu, hasa mtutu wenyewe ukigusa, hudunda risasi ikiwa bado inasafiri ndani, nayo hutoka imepanda. Mfuko wa mchanga hauna neno, kwa sababu unanyonya mtikisiko. Weka mfuko chini ya mbao ya mbele, mwingine mdogo chini ya kitako, na mtutu uelee bila kugusa kitu. Huko porini, kama lazima uegemee mti au gari, kunja koti au weka kiganja chako katikati.

Sasa suala lililonifanya nikujibu kwa urefu. Ulichagua risasi kwa matundu matatu, na karibu kila mwindaji ninayekutana naye anafanya hivyo. Bunduki ambayo kwa wastani hupiga tatu ndani ya sentimita 3, ukiipigia kumi bila kubadili chochote, wastani wake unafika karibu sentimita 5. Hakuna kilichoharibika, risasi nyingi zinapata nafasi ya kuonesha zinakotua kweli. Aina moja ya risasi inaweza kukupa 2 leo na 4 kesho kwa bahati tu, kwa hiyo tofauti ya 3 na 5 uliyoiona haikuthibitisha kitu. Huenda ile ya pili ndiyo bora.

Piga kumi kwa kila aina. Najua bei ya risasi, ndiyo maana nakushauri uzigawe: tano siku moja, tano siku nyingine. Bandika karatasi kubwa ubaoni, juu yake ile ya shabaha, na uweke alama za pembe ili kila karatasi mpya ikae palepale. Ya juu unaibadilisha, ya nyuma unaiacha. Mwisho wa siku ya pili karatasi ya nyuma ina matundu yote kumi, na hapo ndipo unapima, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi. Kitovu cha matundu hayo kumi ndicho unachorekebishia darubini. Kati ya risasi na risasi uache mtutu upoe. Mtutu mwembamba wa kuwindia ukipata moto hubadili mwelekeo.

Nenda asubuhi. Upepo wa Dodoma unajulikana, na mchana hukunyima majibu: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni husogeza risasi ya greni 180 (uzito wa kichwa chake, kama gramu 12) kama sentimita 2 kwenye mita 100, na karibu sentimita 20 kwenye mita 300.

Mwinuko usikusumbue. Dodoma ipo juu ya usawa wa bahari kwa kama mita 1,100, hewa ni nyepesi kidogo, lakini kwenye mita 100 huwezi kuiona tofauti hiyo karatasini.

Joto lina uzito zaidi, na hapa nakusihi. Usiache boksi la risasi juu ya dashibodi mwezi Oktoba. Baruti iliyopata moto huungua haraka na msukumo wa gesi hupanda. Ukiona bolti, ile komeo ya kufungia risasi ndani, imekuwa ngumu kufunguka, fataki imebapa kuliko kawaida, au kitako cha ganda kina alama inayong'aa ambayo haikuwapo, acha kupiga siku hiyo na uipeleke bunduki kwa fundi pamoja na maganda yenyewe.

Kama uwanja una kipima mwendo, kitumie. Risasi ya greni 180 huandikwa kama mita 820 kwa sekunde. Mtutu mfupi utaipunguza, hilo ni kawaida. Tazama zaidi pengo kati ya ile ya kasi kabisa na ya polepole kabisa. Pengo la mita 30 kwa sekunde halionekani kwenye mita 100, ila kwenye mita 300 ni karibu sentimita 6 juu au chini.

Ukishapata jibu, nunua boksi kadhaa zenye namba ya toleo inayofanana. Namba ikibadilika, hata kama jina ni lilelile, rudi uwanjani kabla hujaenda kuwinda kwenye mapori ya Rungwa au Muhesi.