Leseni ya 06A Washington: kadi kwanza, spana baadaye

Ukifika Kent au Tukwila, karibu na Seattle, na ufundi wako wa viyoyozi, kwanza tenganisha karatasi mbili ambazo wageni huzichanganya. Cheti cha EPA 608, cha shirika la mazingira la Marekani, ni cha serikali kuu na kinahusu gesi ya kupoozea: kuinunua, kuijaza, kuinyonya. Waya hakikuruhusu kugusa. Kwa umeme wa mashine hizohizo jimbo la Washington lina leseni yake, 06A, inayotolewa na Idara ya Kazi na Viwanda, ambayo mafundi wote huiita L&I. Ina mdogo wake, 06B, ya kazi zenye mipaka zaidi. Kama unataka kuishi kwa kazi hii, lenga 06A.

06A inadai saa 4,000 chini ya fundi mwenye leseni, yaani wiki 100 ukifanya saa 40 kila wiki. Saa hizo zinahesabika ukiwa tayari na kadi ya mwanagenzi, si tangu siku ulipoajiriwa. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Bosi anasema "anza tu, kadi itakuja", unapiga kazi miezi mitano, na miezi yote hiyo inapotea. Omba kadi kabla hujashika bisibisi. Hudumu miaka 2, na kuihuisha kunataka saa 48 za darasa lililoidhinishwa. Ukiziacha hadi mwezi wa mwisho utakosa nafasi. Msimamizi naye lazima awe nawe mahali pa kazi angalau 75% ya siku. Anayekushusha asubuhi na kukuchukua jioni anakula saa zako.

Mwajiri ndiye anayethibitisha saa kwa hati ya kiapo, lakini daftari weka wewe: tarehe, mtaa, aina ya mashine, saa, jina la msimamizi. Kampuni hufungwa, na mabosi hugombana na watu.

Ukishaipata, jua inapoishia. 06A inakufungulia mambo ya ndani ya mashine: kontakta, kapasita, mota ya feni, bodi, pamoja na nyaya za volti 24 za thermostati. Kuvuta saketi mpya kutoka kwenye paneli ya nyumba si kazi yako. Mteja akinunua kiyoyozi cha mini-split na hakuna saketi, aitwe fundi umeme mwenye leseni ya kazi hiyo, hata kama wewe ungeimaliza kwa nusu saa. Leseni hii pia ni ya mtu. Kampuni inahitaji yake ya ukandarasi.

Mtihani wa leseni unaufanya ukiwa na kitabu cha NEC, yaani kanuni za umeme za Marekani, mbele yako, na alama ya kupita ni 70%. Kitabu kuwa wazi hakumsaidii asiyejua pa kufungua. Zoea Kifungu 440 cha kompresa, 430 cha mota, 424 cha hita na 250 cha kutuliza ardhini. Sheria za jimbo nazo zimo, na ndizo watu huzipuuza.

Chukua kibao cha mashine ya nje: RLA ya kompresa (ampea zake ikiwa kazini) 16, feni ampea 1. Waya: 16 × 1.25 + 1 = ampea 21, ndiyo MCA, yaani kiwango cha chini ambacho waya lazima uweze kubeba. Breka kubwa kabisa: 16 × 2.25 + 1 = 37, unashuka hadi 35. Waya wa shaba namba 12 ndani ya bomba, kwenye vituo vya kufungia waya vya nyuzi joto 75, hubeba ampea 25, kwa hiyo unatosha. Namba 12 na breka ya 35? Aliyezoea kwamba namba 12 ni breka ya 20 atakataa, na swali huwekwa kumnasa yeye. Saketi za kompresa zina ruhusa yake, kifungu 240.4(G) cha NEC, kwa sababu kompresa ikiwaka huvuta ampea nyingi kwa muda mfupi, na kinga ya mzigo iko ndani ya mashine. Lakini waya huohuo ukiwa kebo ya NM, ile ya ganda la plastiki ya majumbani, unasoma safu ya nyuzi 60 kwenye jedwali, unapata 20, na 20 haifiki 21. Panda namba 10. Namba ikipungua waya unanenepa. Waliozoea milimita za mraba huteleza hapo.

Jambo moja zaidi kwa aliyejifunza kwenye 230 ya nyumbani, yenye waya mmoja wa moto na nyutro. Hapa 240 ni nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120 hadi ardhini. Mashine nyingi za majumbani zina kontakta ya nguzo moja, inayokata upande mmoja tu. Feni imesimama, kompresa kimya, na bado upande wa pili una 120 mpaka kwenye koili za kompresa. Ukipima kati ya nyaya mbili baada ya kontakta unaweza kusoma sifuri na kudanganyika. Toa kizibo cha swichi ya nje, pima kila waya hadi ardhini, halafu toa chaji ya kapasita kabla ya kuishika.