Muulize Fundi: Gokati ya mjomba, nifunge injini gani?

SWALI: Shikamoo, fundi. Marehemu mjomba ameniachia gokati ya mbio, kile kigari kidogo cha mashindano kisicho na bodi, iliyokaa stoo zaidi ya miaka ishirini. Fremu, usukani, ekseli na magurudumu vipo, injini haipo. Ekseli inazunguka kwa kukwaruza na breki ya mafuta imekufa. Nataka kuifufua ili mwanangu wa miaka 13 ajifunzie. Nimepata injini mbili: ya mbio ya mipigo miwili, sisi (cc) 100, na ya pikipiki, sisi 125. Nichukue ipi? – Mama Dereva

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Ziache zote mbili, nitakueleza sababu. Lakini tuanze na fremu, maana nimesoma “miaka ishirini” nikashtuka.

Gokati ya mbio haina springi wala shokomzoba, na haina difu, kifaa kinachoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kilichoshika magurudumu yote mawili, kwa hiyo kwenye kona gurudumu la ndani lazima linyanyuke kidogo, la sivyo litaburuzwa. Kinacholinyanyua ni fremu yenyewe kujipinda. Mabomba yale yamejikunja na kujirudisha kila kona tangu siku ya kwanza, na chuma kikikunjwa hivyo huchoka.

Niliwahi kufufua moja iliyoonekana nzima. Nikaipiga msasa juu juu, nikaipaka rangi nyekundu, ikapendeza. Mpwa wangu hakumaliza mzunguko wa nne: kishikio cha kiti kilikatika katikati ya kona. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nilipoinama kutazama, nusu ya chuma palipokatika ilikuwa na kutu ya siku nyingi. Ufa ulikuwepo kabla sijashika brashi, na mimi nikaufunika kwa rangi.

Basi ivue kila kitu, ubaki na fremu tupu. Kwangua rangi kwenye viungo vyote vilivyochomelewa: vishikio vya kiti, vishikio vya beringi za ekseli, mabano yanayobeba magurudumu ya mbele, na mlingoti wa usukani. Paka mafuta ya taa, yaache kama nusu saa, futa mpaka pakauke, kisha pakaa unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Halafu igeuze chini juu: bomba lililosagwa bapa kwa kuburuzwa limepungua unene, hilo ni la kukatwa na kuwekwa jipya. Kazi ya kuchomelea mpe mtu anayejua mabomba membamba.

Beringi za ekseli usihangaike kuziosha, nunua mpya. Kwenye breki badilisha mipira yote, na ujue kwanza mfumo huo unatumia mafuta ya aina gani, kwa sababu yasiyofaa huivimbisha mipira na breki hung'ang'ana.

Sasa injini. Ile ya sisi 100 mara nyingi haina klachi: unaisukuma gari, unarukia ndani, na ikisimama injini inazimika. Inataka kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ndipo ichangamke, na petroli yake huchanganywa na oili kwa kipimo. Ni injini tamu, nami naipenda, ila ni ya mtu anayejua kuendesha tayari. Ya pikipiki ni nzito, na utalazimika kukata fremu ili ikae. Nguvu yake pia ni nyingi mno kwa mtoto anayeanza.

Tafuta injini ndogo ya mipigo minne, zile za pampu za maji na jenereta. Honda GX160, kwa mfano, ina sisi 163 na nguvu ya farasi 4.8 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika. Art Ingels naye, alipotengeneza gokati ya kwanza California mwaka 1956, alifunga injini ya mashine ya kukata majani. Weka klachi inayojishika yenyewe injini inapoongeza kasi. Sproketi ya ekseli, yaani gurudumu la meno linaloshika mnyororo, ikiwa na meno mara sita ya ile ya klachi, na tairi la nyuma lina kipenyo cha sentimita 28, mwanao atafika kama kilomita 32 kwa saa. Akikomaa, punguza iwe mara nne, atakaribia 48.

Kabla ya kutoboa bamba la injini, tazama shafti, chuma kinachotoka kwenye injini na kubeba klachi, inazungukia wapi. Ya GX160, ukiikabili, huzunguka kinyume cha saa; kwa hiyo shafti ielekee kushoto kwa dereva, vinginevyo gari litarudi nyuma.

Kijana atakuomba uondoe gavana, kifaa kinachoizuia injini isipite kasi yake, ili izunguke zaidi. Kataa. Flaiwili (gurudumu zito la injini) na konrodi (mkono wa pistoni) zake hazikutengenezwa kwa mizunguko hiyo, na zikipasuka vipande vinaruka jirani kabisa na mbavu zake.

Kabla hajaketi, funga springi mbili za kurudisha pedali ya mafuta badala ya moja, ziba mnyororo kwa kinga ya bati, na swichi ya kuzima injini iweke kwenye usukani, pale kidole gumba kinapofika.