Ukiwekewa springi kwenye vyuma vya meno

Waya na raba za rangi kila mtu anazijua. Springi ndiyo huzua maswali, na mimi nimevaa aina zote mbili.

Ya kwanza husukuma. Inabanwa kwenye waya kati ya meno mawili, na kwa kuwa inataka kurefuka, inayatenganisha. Mimi niliwekewa ili jino la chonge lililoota juu ya ufizi lipate pa kushukia. Ya pili huvuta: inanyooshwa kutoka gego la nyuma hadi ndoano ya mbele, izibe pengo la jino lililong'olewa. Hiyo mara nyingi ni ya nikeli na titani, madini yanayovuta kwa nguvu karibu ileile hata springi inapoendelea kujikunja. Kama hereni za bei nafuu hukuwasha, mwambie daktari kabla: huenda nikeli haipatani nawe.

Wengine huomba ikazwe zaidi, eti harusi imekaribia. Usifanye hivyo. Jino husogea kwa sababu upande unaobanwa seli zinakula mfupa, na upande wa pili zinajenga mwingine. Ukizidisha nguvu, damu haipiti, seli pale zinakufa na jino linagoma kwa muda. Mzizi nao unaweza kuliwa ukafupika. Mwendo wa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi, na pengo la jino huwa kama milimita 7. Piga hesabu, kisha panga harusi.

Maumivu ni ya siku mbili tatu za mwanzo. Uji, ndizi za kupika na ugali laini vitakufaa. Miwa, mahindi ya kuchoma na kashata viache. Ila adui mkubwa, amini usiamini, ni mchicha. Unajisokota kwenye springi kiasi kwamba mswaki wa kawaida hauutoi. Nunua vile vibrashi vyembamba vya katikati ya meno, utembee nacho kimoja mfukoni.

Ncha ikikuchoma shavu, bandika nta ya meno. Springi ikichomoka upande mmoja, usiivute kuirudisha wala usiikate kwa kikata kucha, pigia kliniki.

Na ukisafiri kwa muda mrefu, aga kwa daktari wako kwanza. Springi ya kusukuma haijui kwamba nafasi imeshatosha, itaendelea kusukuma mpaka irefuke yote.